Somo: Kukitambua chombo cha kale cha kioo cha kalibu cha Kimarekani

Vyombo hivi havikupulizwa kwa mdomo. Kioo kilichoyeyuka kilitiwa kwenye kalibu ya chuma, mashine ikakishindilia kwa juu. Kiwanda alichoanzisha Deming Jarves mwaka 1825 kule Sandwich, Massachusetts, kilikuwa miongoni mwa vya mwanzo.

Hatua ya 1: Gonga. Shika glasi kwenye mguu, gonga ukingo kwa kucha. Kioo chenye madini ya risasi hulia kama kengele na sauti hukawia kufa. Kikinyamaza papo hapo, huenda ni cha magadi. Mwaka 1864, kule Wheeling, West Virginia, William Leighton alipata mchanganyiko wa magadi na chokaa uliokuwa wa bei nafuu zaidi, viwanda vingi vikaacha risasi. Ila bakuli nene huenda lisilie hata likiwa na risasi.

Hatua ya 2: Geuza kitako. Hapa ndipo mimi hukaa sana. Kielekeze dirishani. Mikwaruzo ya kusukumwa mezani miaka na miaka ni myembamba, imepishana kila upande, nayo iko pale tu kinapogusa meza. Bakuli langu la sukari lina duara la ukungu, upana wa kamba ya kiatu, na ndani ya duara kioo kinang'aa kama jana. Ukiona mistari imelala upande mmoja, mtu amepiga msasa ili kionekane cha kale.

Hatua ya 3: Papasa mshono wa kalibu, ule mstari unaobaki pale vipande vya kalibu vilipokutana. Usitarajie uwe mkali: vingi vilirudishwa motoni, mshono ukalainika.

MASWALI

Dada, kile kirefu chenye vishikio viwili, bila kifuniko, ni cha maua?
Wauzaji husema hivyo, lakini ni cha kusimamishia vijiko. Seti ya meza ilikuwa na vinne: sukari, maziwa, siagi na vijiko.

Changu kimekuwa zambarau. Ndiyo rangi yake?
Manganizi, aina ya madini, ilitiwa ili kuondoa ukijani unaoletwa na chuma cha mchangani. Ikipigwa na jua miaka mingi, kioo huwa zambarau hafifu. Iliyokolea sana itilie shaka, maana wapo wanaovipiga mionzi makusudi.

Naweza kukiosha kwa mashine?
Usithubutu, ndugu yangu. Joto na sabuni ile kali huacha ukungu usiotoka tena. Osha kwa mkono, maji ya vuguvugu, na utandike taulo ndani ya beseni.