Chanjo ya miezi tisa: usirudi nyumbani mikono mitupu

Chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, kisha 18, na ndiyo inayowarudisha akina mama wengi bila sindano. Sababu ni kichupa. Kina dozi 10, na kikishachanganywa na maji yake hakidumu zaidi ya muda wa saa 6, kinachobaki kinamwagwa. Muuguzi akiona watoto wawili tu, anasita kukifungua.

Kwa hiyo uliza mapema: "Surua mnafungua siku gani?" Kisha mpitie jirani mwenye mtoto wa umri huo, mwende pamoja asubuhi. Ukiwa umetoka mbali, sema. Mwongozo wa chanjo unataka kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, maana surua ina gharama kubwa kuliko dozi 9 zilizomwagwa.

Mafua au kikohozi kidogo si sababu ya kuahirisha. Kadi imepotea? Nenda hivyo hivyo. Zahanati ina rejesta, taja tarehe ya kuzaliwa na kijiji. Na kama ulichelewa ile chanjo ya wiki 10 kwa sababu ya palizi, hakuna kuanza upya: mtoto anaendelea alipoishia, wiki 4 kati ya dozi na dozi. (Kufokewa kwa kuchelewa kupo, kwa bahati mbaya. Vumilia, mtoto achanjwe.)

Kwa vijiji vya Bahi au Chamwino, mkoani Dodoma, ambako korongo likijaa hakuna kuvuka, mwulize mhudumu wa afya wa kijiji tarehe ya huduma ya mkoba (wauguzi wakija kuchanja kijijini) kabla ya masika kukolea.