Jinsi ya kushona hamoki yenye mfarishi wa joto chini yake

Anayelala kwenye hamoki porini hupigwa baridi kutoka chini, hata akiwa ndani ya begi zuri la kulalia. Joto huhifadhiwa na hewa iliyotulia katikati ya nyuzi za sufi. Ukilalia sufi, uzito wako unaikandamiza, ile hewa inatoka, na upepo unaopita chini ya hamoki unabeba joto lote la mgongo. Dawa yake ni kuning'iniza mfarishi nje, chini ya kitambaa unacholalia. Uguse mgongo wako bila kubanwa nao, na usiache mwanya wa kupitisha upepo. Vipimo vyote vilivyo hapa chini vimetokana na masharti hayo mawili.

Vifaa

Kwa hamoki yenyewe tafuta nailoni ya mahema, ile nyepesi yenye vimiraba vya nyuzi nene vinavyozuia mpasuko usienee. Uzito wa gramu 55 hadi 65 kwa mita ya mraba unatosha mtu mmoja. Ganda la mfarishi linaweza kuwa la kitambaa chepesi zaidi, kwa kuwa halibebi mwili. Hakikisha kinapitisha hewa: kitambaa kilichopakwa plastiki hunasa jasho, na ukifika usiku wa manane sufi imeshalowa.

Sufi iwe ya poliesta, ya gombo, yenye nyuzi ndefu zilizoshikamana. Aina hiyo haihitaji kutungwa mistari ya mshono katikati, na kila mstari wa namna hiyo ni mahali ambapo sufi imebanwa na joto linapotea. Chukua yenye unene wa sentimita 3 hivi. Uzi uwe wa poliesta tupu, kwa sababu wa pamba huoza ukikaa na unyevu. Sindano ni namba 70, mpya na yenye ncha kali. Ongeza kamba ya Dyneema (kamba ya plastiki iliyosukwa, nyepesi na imara sana) ya milimita 3, kamba ya lastiki ya unene huohuo, na mikanda miwili ya poliesta yenye upana wa sentimita 2.5 au zaidi ya kuzungushia miti. Usifunge kamba nyembamba moja kwa moja kwenye mti, maana hukata gome.

Hatua ya 1: Mwili wa hamoki

Kata kitambaa cha sentimita 340 kwa 150. Pande ndefu zikunje mara mbili, sentimita moja kila mkunjo, ushone mshono mnyoofu wa milimita 3. Tumia vibanio badala ya pini. Tundu la pini kwenye nailoni halizibiki.

Kwenye ncha mbili fupi kunja sentimita 1, kisha sentimita 4, upate mfereji wa kupitishia kamba. Shona mistari mitatu sambamba na urudishe mshono mwanzoni na mwishoni. Hamoki iliyokamilika itakuwa na urefu wa sentimita 330.

Hatua ya 2: Vitanzi na kamba ya juu

Pitisha kitanzi cha Dyneema kwenye kila mfereji, kijifunge chenyewe kwa nyuma na kukusanya kitambaa chote pamoja. Dyneema ni telezi, na mafundo mengi ya kawaida hulegea polepole yakibeba mzigo. Fungua msuko wa kamba, ingiza mkia ndani yake angalau sentimita 20, kisha ushone kidogo ili usichomoke.

Kamba ya juu inaunganisha vitanzi viwili na kupita juu ya mlalaji. Ndiyo inayofanya hamoki ipinde vilevile kila mara, hata miti ikiwa karibu au mbali. Urefu wake ni asilimia 83 ya urefu wa hamoki, yaani sentimita 274. Wengine huiona pambo. Mimi naiona lazima kwa hamoki yenye mfarishi, kwa sababu umbo likibadilika kila usiku, mfarishi hautakaa sawa hata siku moja.

Sasa itundike. Mikanda iinuke kwa nyuzi 30 kutoka usawa wa ardhi. Kwa pembe hiyo kila upande unavutwa kwa nguvu inayolingana na uzito wako wote. Ukikaza hadi nyuzi 15, nguvu hiyo inakaribia maradufu. Kalia polepole, kitambaa kikiwa kwenye kimo cha kiti. Kisha lala kishoroba, kichwa upande mmoja wa mstari wa kati na miguu upande wa pili, ndipo mgongo unyooke. Kagua mishono yote kabla ya kuendelea.

Hatua ya 3: Kukata mfarishi

Hapa usiharakishe. Mfarishi unazunguka mwili kwa umbo la karibu nusu duara, na tabaka la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Ukikata yote mawili sawa, la nje litavutika na kuibana sufi. Tofauti ya nusu duara ni unene wa sufi mara 3.14. Kwa sentimita 3 unapata kama 9.4, fanya 10. Ukiweka sufi ya matabaka mawili, unene wa 6, tofauti inakuwa kama 19.

Basi, kitambaa cha ndani ni sentimita 200 kwa 115, sufi hivyohivyo, na cha nje ni 200 kwa 125. Zile 10 zilizozidi zimalize kwenye ncha fupi kwa marinda matano, kila moja likila sentimita 2. Yatawanye sawasawa, usiyarundike katikati.

Kata pia kanda nne za upana wa sentimita 6, mbili za urefu wa mfarishi na mbili za upana wake. Pinda ncha zake, zikunje kati kwa urefu, kisha zishikize kwenye kingo nne za kitambaa cha ndani, upande wa uso, mkunjo ukielekea katikati. Hizo ni njia za lastiki.

Hatua ya 4: Kuunganisha

Panga hivi kutoka chini: sufi, kitambaa cha ndani uso ukiangalia juu, kisha cha nje uso ukiangalia chini. Meno ya cherehani hunasa nyuzi za sufi, kwa hiyo weka karatasi nyembamba kati yake na sufi, utaichana baadaye. Shona kuzunguka kwa sentimita 1.5 kutoka ukingoni, ukiacha mlango wa sentimita 30 upande mmoja mrefu. Pindua, nyoosha pembe kwa kidole, funga mlango.

Hatua ya 5: Kutundika na kurekebisha

Pitisha lastiki kwenye njia ndefu, miisho yake ifike kwenye ncha za hamoki na kushikizwa kwenye vitanzi. Kwenye njia fupi weka lastiki yenye kibano cha kukaza, uzibe mfarishi kichwani na miguuni.

Lala ndani na umwombe mtu apitishe mkono kati ya hamoki na mfarishi. Mkono ukipita kwenye nafasi tupu, kaza lastiki. Akiona sufi imelala bapa, legeza. Angalia hasa mabegani na nyongani, kwa kuwa kulala kishoroba husukuma mwili nje ya katikati. Huenda ukahitaji kuusogeza mfarishi kidogo kuelekea upande huo. Ukiridhika, tia alama kwenye lastiki.

Usiku wa kwanza usilale mbali na nyumba. Baridi ikikupata mahali pamoja, tafuta mwanya hapo, na mara nyingi utaukuta kwenye ncha fupi ambazo hazijakazwa. Ikikupata mgongo mzima na mfarishi umekaa vizuri, sufi haitoshi kwa hali ya hewa hiyo: ongeza tabaka la pili na ukate upya kitambaa cha nje kwa hesabu ya hatua ya 3.