Zamu ya Nyumba Yako: Namna ya Kuipokea Jumuiya Nyumbani

Katika vijiji vingi vya Tanzania wanakoishi Wakatoliki, maisha ya kanisa ya siku kwa siku hayaendeshwi katika jengo la parokia, ambalo pengine liko mwendo wa saa mbili kwa miguu. Huendeshwa sebuleni, barazani au chini ya mti wa jirani, ambako kaya chache zinazopakana hukutana kila juma kusali na kusoma Injili. Hizi ndizo jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Maaskofu wa Afrika Mashariki waliounganika katika AMECEA walizizungumzia mwaka 1973, na mwaka 1976 wakazifanya kuwa kipaumbele cha uchungaji wao. Tangu hapo zimeota mizizi kiasi kwamba mtu anayetaka kubatiza mtoto au kufunga ndoa huulizwa kwanza anasali jumuiya gani, na msiba ukitokea, wanajumuiya huwa miongoni mwa watu wa kwanza kufika wakiwa na kuni na ndoo za maji.

Ibada huzunguka nyumba kwa nyumba, na kwa hiyo zamu ya kila familia hufika. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya familia inayopokea kwa mara ya kwanza: vijana waliooana karibuni, waliohamia kutoka kwingine, au wale ambao kwa muda mrefu zamu yao imepita bila kutumika kwa sababu waliona aibu. Uzoefu wangu ni wa kijijini, katika milima ya Mbinga mkoani Ruvuma. Mjini saa za kukutana na nafasi za kukaa hutofautiana, lakini mengi ni yale yale.

Anza na kipimo

Kabla ya kufikiria viti na chai, amua kwanza kiasi cha maandalizi, maana hapo ndipo jumuiya nyingi zinapoharibikia bila kujua. Jumuiya yetu ina kaya 14, hivyo zamu humrudia kila mmoja baada ya miezi mitatu na siku kadhaa. Miaka ya nyuma tulikuwa tunakunywa chai ya rangi na viazi vitamu baada ya sala, na aliyekosa viazi alitoa chai peke yake. Kisha familia moja iliyopata fedha nzuri za kahawa ikapika wali na nyama. Waliofuata hawakutaka kuonekana wabahili, nao wakapika. Baada ya mwaka mmoja, mama mmoja mjane alianza kuomba zamu yake irukwe: mara ya kwanza alisema anaumwa, mara ya pili alisema amesafiri, mara ya tatu hakusema chochote na hata kwenye ibada za wengine hakuonekana. Tulikwenda kumtembelea tukidhani ana huzuni ya kufiwa. Alitueleza kwa upole kwamba hana sahani za kutosha watu ishirini na tano.

Tangu siku hiyo tulikubaliana kwamba kipimo cha ukarimu wetu ni nyumba yenye kidogo kuliko zote, na kwamba asiye na kitu atoe maji ya kunywa katika kikombe kisafi, na hayo yatoshe. Kama jumuiya yako haijafanya makubaliano ya namna hiyo, yalete mbele ya mwenyekiti, hasa ikiwa wewe ndiye mwenye uwezo. Neno hili likitoka kwa maskini husikika kama malalamiko, ilhali likitoka kwa mwenye nacho hupokelewa na watu hupumua. Ukiwa na hamu ya kupika zaidi, subiri ubatizo wa mtoto wako au siku ya somo wa jumuiya, yaani mtakatifu msimamizi wake, ambapo wote huchanga.

Siku chache kabla

Zungumza na mwenyekiti au katibu mapema ili kuthibitisha siku na saa. Wakati wa kuchuma kahawa watu hurudi nyumbani wamechoka na jua limekaribia kuzama, hivyo ni busara kuomba ibada ianze alfajiri ya Jumamosi au isogezwe hadi Jumapili baada ya Misa. Wakati wa masika, amua mapema kama mtakaa ndani au barazani, kwa sababu kuhamisha watu mvua ikishaanza huvuruga sala yote.

Usinunue viti. Mikeka miwili, benchi la jirani na vigoda vya jikoni vinatosha, na wazee wawekewe mahali penye ukuta wa kuegemea mgongo. Andaa meza ndogo iliyofunikwa kitambaa kisafi, na juu yake uweke msalaba, Biblia na mshumaa, pamoja na maua ya bustanini ukipenda. Watoto wapewe kazi ya kuchuma maua hayo na kufagia uwanja, kwa kuwa mtoto aliyefagia kwa ajili ya ibada huketi humo kama mwenyeji.

Jambo ambalo familia nyingi hulisahau ni kusoma Injili nyumbani kabla ya wageni kufika. Masomo ya Jumapili yamepangwa katika mzunguko wa miaka mitatu, A, B na C, na kiongozi wa liturujia atakuambia mnasoma sura ipi. Isomeni pamoja usiku mmoja baada ya chakula, mara moja tu, kisha kila mmoja aseme neno lililomgusa. Familia iliyofanya hivyo haitakaa kimya kwa hofu siku ya ibada, na mara nyingi baba ambaye hajawahi kusema kitu mbele za watu hupata la kusema kwa sababu alishalisema mbele ya mke na watoto wake.

Kama mwenzi wako si Mkatoliki, au aliacha kusali, usimshtukize. Mwambie mapema ni nani watakuja na watakaa muda gani, na umwombe tu awapokee wageni mlangoni na kuwasalimia. Nimeona waume kadhaa walioanza kwa kupokea miavuli ya watu barazani, na miaka miwili baadaye wakawa ndio wanaowasha mshumaa. Na jirani Mwislamu au Mlutheri apewe taarifa vilevile, kwa sababu nyimbo zitasikika kwake, na kumwarifu ni adabu ya ujirani. Kwetu wengi huleta benchi lao wenyewe bila kuombwa.

Wakati wa ibada

Wageni watabisha kwa kusema «Tumsifu Yesu Kristo», nawe utaitikia «Milele, amina», kisha salamu za kawaida ziendelee: shikamoo kwa wazee, habari za nyumbani kwa rika lako. Mkaribishe kila mmoja kwa jina analoitwa kijijini, Mama wa fulani au Mzee fulani. Mgeni asiyejulikana atambulishwe kabla ya wimbo wa kwanza, asije akakaa saa nzima watu wakimtazama.

Katika jumuiya nyingi tafakari hufuata hatua saba zilizoenezwa na taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Kwanza mtu mmoja humkaribisha Bwana kwa sala fupi. Injili husomwa, na baada ya hapo kila anayependa hutaja neno au kifungu kilichomgusa, akikirudia polepole bila kueleza chochote. Hufuata kimya. Kisha watu hushirikishana walichosikia mioyoni mwao, hujadili kazi ambayo Neno linawadai waifanye juma hilo, na humaliza kwa maombi ya hiari. Kiongozi wa jumuiya ndiye anayeongoza hatua hizi, lakini mwenye nyumba ana nafasi kubwa ya kuzilinda, na hatua mbili zinahitaji ulinzi wake kuliko nyingine.

Ya kwanza ni kimya. Watu wengi hawakivumilii, na baada ya nusu dakika mtu huanzisha wimbo. Mwombe kiongozi ataje kabisa kwamba mtakaa kimya dakika tatu, na wewe uhakikishe redio ya jirani imepunguzwa, simu zimezimwa na sufuria imeepuliwa jikoni. Katika kimya hicho watu waliotoka shambani na mizigo yao huanza kweli kusali, na sijaona jumuiya iliyokomaa ambayo haikujifunza kunyamaza.

Ya pili ni kushirikishana. Daima yupo mtu mwenye maarifa, pengine mwalimu au katekista mstaafu, ambaye akianza kueleza habari za Mafarisayo wengine wote hugeuka wasikilizaji. Yeye hana nia mbaya, na elimu yake ina faida mahali pengine. Mzungumze naye pembeni kabla ya ibada, umwombe awe wa mwisho kusema. Kisha kiongozi aanze na wale wanaosikika kwa nadra, kwa mfano binti anayelea wadogo zake au bibi asiyejua kusoma. Bibi huyo hana haja ya kitabu, kwa sababu kifungu kimekwisha kurudiwa mara tatu au nne na sauti mbalimbali naye amekishika. Katika jumuiya yetu tafakari iliyotugusa kuliko zote ilitoka kwa bibi wa namna hiyo, siku tuliposoma mfano wa mpanzi: alitwambia kwamba yeye kila mwaka hupanda maharage hata penye mawe, kwa kuwa hajui mvua ya mwaka huo itapenda wapi.

Mtu akilia au akieleza ugomvi wa nyumbani kwake, msimpe ushauri papo hapo. Mwombeeni, na viongozi wamtembelee baadaye. Na yaliyosemwa chini ya paa lako yabaki hapo. Familia inayopokea ndiyo mlinzi wa kwanza wa siri hizo, kwa hiyo waonyeni watoto wakubwa usiku huo huo, kwa sababu habari ikifika kisimani asubuhi, aliyeisema hatafungua tena kinywa chake katika jumuiya.

Hatua ya sita, ya kazi ya juma, isipite kwa maneno ya jumla kama «tupendane». Isiishe kabla hamjataja nani mgonjwa, nani atakwenda kumwona, siku gani na atachukua nini, hata kama ni kilo moja ya unga na kipande cha sabuni. Katibu aandike katika daftari, na mkutano ujao uanze kwa kuuliza kama ilifanyika.

Sadaka, matangazo na chai

Kapu la sadaka lifunikwe kitambaa na lipite kimya, au liwekwe mezani kila mtu aliendee mwenyewe. Mweka hazina ahesabu mbele ya mtu wa pili na kutangaza jumla, bila kutaja nani alitoa kiasi gani. Michango ya parokia na zaka zina daftari lake, na madeni ya mtu hayasomwi nyumbani kwa mwenzake. Kama ni lazima kumkumbusha, aendewe faraghani. Matangazo yasizidi dakika kumi.

Chai itolewe kwa wote kwa mpangilio mmoja, wazee na watoto wakitangulia. Mtu anayeondoka mapema kwa sababu ana mgonjwa nyumbani afungiwe kiazi kimoja au viwili ampelekee. Wageni wakiosha vikombe pamoja na wenyeji, usiwakataze, maana mazungumzo ya pale kwenye karai ni sehemu ya jumuiya pia.

Kabla giza halijaingia, mtume kijana wako apeleke msalaba, daftari na kapu kwa familia yenye zamu inayofuata. Kama ni familia inayopokea kwa mara ya kwanza, nenda mwenyewe, uwaulize wana vikombe vingapi, na uwaachie vya kwako hadi juma lijalo.