Kuchagua spika ya boksi la gitaa: wati usianze nazo

Mtu akienda kununua spika ya gitaa swali la kwanza ni "ina wati ngapi?" na muuzaji anamtajia namba kubwa basi anafurahi. Wati hazisemi sauti itakuwa kubwa kiasi gani, zinasema koili inavumilia moto kiasi gani kabla haijaungua. Hapa naongelea spika za inchi 12 za gitaa la umeme, sio woofa za disko, zile gitaa linasikika kama limefunikwa blanketi.

Hatua ya 1, omu, yaani kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme. Chungulia nyuma ya ampu (amplifaya) imeandikwa ngapi. Ampu ya valvu (ile ya zamani yenye taa za vioo ndani) inataka boksi la omu zilezile za tundu ulilochomeka, ya transista usishuke chini ya kilichoandikwa, ukizidisha haifi ila nguvu inapungua. Spika mbili za omu 16 ukiziunga chanya kwa chanya na hasi kwa hasi unapata 8, mbili za 8 hivyohivyo unapata 4, ila hizo za 8 ukizipanga moja baada ya nyingine zinakuwa 16.

Hatua ya 2, sasa ndio wati. Ampu ya wati 30 usiifungie Greenback (spika ya kampuni ya Celestion) moja ya wati 25, hasa ya valvu, maana ukifungua mpaka mwisho inatoa zaidi ya ilichoandikiwa. Ziwe mbili, zitagawana.

Hatua ya 3 ndio watu wanairuka, desibeli, yaani spika inatoa sauti kubwa kiasi gani ukiipa wati moja. Celestion G12T-75 inabeba wati 75 na ina desibeli 97, Vintage 30 inabeba 60 (usidanganyike na hiyo 30 ya kwenye jina) lakini ina desibeli 100. Hizo desibeli 3 ni sawa na kubadilisha ampu ya wati 50 ukaweka ya 100, kwa hiyo yenye wati chache ndio inapiga kelele zaidi! Kama unapiga sebuleni chukua ya desibeli chache, majirani watakushukuru.

Hatua ya 4, ladha. Greenback besi yake laini na midi (sauti za kati) ina mkwaruzo mtamu, Vintage 30 midi ya juu imechomoza, kwenye roki inapasua bendi nzima ila kwa solo safi ya rumba mi naona inachoma masikio, hapo ningeenda kwenye mtindo wa Kimarekani kama Jensen C12N, inang'aa bila kuvurugika haraka. Boksi nalo lina neno lake, lililozibwa nyuma besi inakaza, la wazi sauti inasambaa chumba kizima.

Hatua ya 5, jaribu na ampu YAKO kwa sauti ya kazini. Trebo (sauti nyembamba za juu) inatoka imenyooka katikati ya koni, ukisimama boksi liko miguuni huisikii, chuchumaa masikio yawe usawa wa spika halafu sogea pembeni usikie tofauti. Mpya kabisa inakuwa ngumu kidogo, inalainika ukiipiga.

Hatua ya 6, ukishafunga mbili chukua betri ya volti 1.5, gusisha chanya ya betri kwa chanya ya boksi na hasi kwa hasi mara moja tu, koni zote ziruke mbele. Moja ikirudi nyuma geuza waya zake, la sivyo besi inapotea. Toka ampu kwenda boksi tumia waya wa spika sio wa gitaa, na ya valvu usiiwashe boksi halijachomekwa, transfoma itaondoka.