Somo: sumu ya nge inavyoziba tundu la seli (tumia mzinga wa nyuki)

Habari zenu wadau, wanafunzi wangu wa fom siksi hapa Tabora nikifika kwenye chaneli za ioni (matundu ya protini kwenye utando wa seli, ya kupitishia ioni, yaani chembe zenye chaji kama potasiamu na sodiamu) walikuwa wanakariri tu, sasa nafundishia mzinga wa gogo, ule wetu wa porini, uwe mtupu lakini.

Hatua ya 1. Angalieni lile tundu la nyuki kuingilia. Chaneli ya potasiamu ndo hivohivo, vipande vinne vya protini vimekaa duara vikaacha tundu katikati, na pale penye kichujio, sehemu inayochagua ioni ipi ipite, pembamba kabisa, urefu ni kama nanomita 1.2 tu, kuta zimejaa oksijeni. Picha yake Roderick MacKinnon na wenzake waliitoa 1998, akaja kupata Nobel ya kemia 2003. Sodiamu ni ndogo kuliko potasiamu ila haipiti, maana ioni hutembea imezungukwa na maji, na inayavua pale tu oksijeni za ukutani zikiikumbatia, na sodiamu kwa udogo wake haizifikii vizuri.

Hatua ya 2. Chonga kijiti, kichwa kipana kikae mdomoni kwa nje, ncha iingie tunduni. Hiyo ndo charibdotoksini, sumu ya nge wa njano wa jangwani, kule Misri na Sudani, ni protini ndogo, mnyororo wa asidi amino 37 tu. Ncha ni asidi amino ya 27, inaitwa laisini, ina chaji chanya kama potasiamu yenyewe.

Hatua ya 3, hapa msiruke. Fungua mfuniko wa nyuma, ingiza mkono, sukuma ncha kwa ndani, kijiti kinachomoka. Kwenye seli ni hivyo, ukizidisha potasiamu ya ndani sumu inatoka upesi, inasukumwa, halafu watafiti wakaitoa ile laisini wakaweka asidi amino isiyo na chaji, msukumo ukapotea! Yaani walijua ncha ipi iko tunduni miaka kabla picha haijapatikana, mi hili jaribio nalipenda kuliko picha yenyewe.

Swali: Mwalimu, samaki bunju wa Pwani mbona hafi kwa sumu yake?
Jibu: Sumu yake, tetrodotoksini, inaziba chaneli ya sodiamu, inakaa mdomoni juu ya kichujio. Kwenye chaneli ya misuli yetu kuna asidi amino tairosini inayoishikilia, kuna bunju ambao hapo wana nyingine, asparajini, sumu inakosa pa kushika. Hata moyo wetu hapo una sisteini, sumu haishiki vizuri, ndo maana mtu hukata pumzi moyo bado unadunda.

Swali: Na koboko kaka? Huku Urambo tunao.
Jibu: Ana dendrotoksini, inakalia mdomo wa chaneli za potasiamu za neva, neva inashindwa kutulia. Ila sumu yake ina mengine mengi ndugu yangu, akikugonga usichanje, usitafute majani, hospitali moja kwa moja.

Swali: Mi mzinga sina, nipo mjini.
Jibu: Chupa ya maji iliyokatwa kitako inatosha dada, ila kijiti kikae kweli mdomoni, kikipwaya hatua ya 3 haitoki.