Mkutano, kikao, sherehe: jinsi ya kupata neno sahihi la Kiingereza

Juzi nimemsaidia rafiki kuandika mialiko miwili kwa Kiingereza, mmoja wa kazini na mwingine wa harusi, na muda mwingi ukaishia kwenye neno moja tu la kuita shughuli yenyewe. Naweka hapa njia ninayotumia mimi, naamini wengi mnakwama hapohapo.

Hatua ya 1: Funga programu ya kutafsiri. Ukiiandikia "mkutano" peke yake itakupa neno moja na haitakuuliza mkutano gani. Tumia kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotengenezwa kwa wanaojifunza, Longman au Oxford, zote zipo mtandaoni bure. Mimi ni mtu wa Longman, inaonyesha vizuri neno linatembea na maneno gani mengine na hilo ndo unalolihitaji kuliko maana yenyewe.

Hatua ya 2: Andika kwa Kiswahili watu wakifika watafanya nini. Sentensi moja inatosha. "Watajadili bajeti na kuamua." "Watakula na kucheza muziki." Usiruke hii.

Hatua ya 3: Kama ni shughuli ya kazi, masomo au siasa. Watu wachache wenye ajenda na maamuzi, hiyo ni *meeting*, iwe unaiita kikao au mkutano. Watu wengi kutoka sehemu mbalimbali, mada zinawasilishwa, mara nyingi siku kadhaa, ni *conference*. Bandung, Indonesia, mwaka 1955 nchi 29 za Asia na Afrika zilikaa kwenye *conference*. Manchester, Uingereza, mwaka 1945, kina Nkrumah na Kenyatta walikuwa kwenye *congress* ya Pan-African, yaani ya umoja wa Waafrika, neno linalopendwa na vyama na jumuiya zinazotuma wajumbe. Wakikutana wakuu wa nchi wenyewe ni *summit*, yaani kilele cha mlima, na Churchill, mwanasiasa wa Uingereza, alilitumia kwa maana hiyo kwenye hotuba yake ya Edinburgh mwaka 1950. Mkutano wa hadhara wa kampeni ni *rally*, tafadhali usiuite meeting. *Workshop* watu wanafanya kwa mikono au kwa mazoezi, kama ni kusikiliza tu sio workshop hata kama bango limeandikwa hivyo.

Mbili za haraka: kuonana na daktari akutibu ni *appointment*, na *date* ukisema unayo na mtu, watu wanaelewa mapenzi.

Hatua ya 4: Kama ni sherehe. Hapa kaa utulie, hapa ndo masaa yanapotea. Sisi "sherehe" inabeba kila kitu kuanzia kiapo mpaka dansi, Kiingereza kinaigawa, na ukikosea mgeni anakuja saa isiyo yake.

Sehemu yenye utaratibu rasmi, watu wametulia na kuna kitu kinatamkwa au kinakabidhiwa, ni *ceremony*. Kuapishwa, kuvishana pete, kukabidhiwa shahada. Sehemu ya kula, kunywa na muziki ni *party*. Kwa hiyo mahafali yana *graduation ceremony* na baadaye nyumbani kuna *graduation party*, ni vitu viwili, usimwandikie mkuu wa chuo kwamba unamkaribisha kwenye party wakati unataka aje kutoa vyeti.

Harusi ina tatu. *Wedding* ni jambo zima, *wedding ceremony* ni pale wanapofungishwa ndoa, na *reception* ni ukumbini baada ya hapo. Angalia sana kadi, hasa za Uingereza: ukiona umealikwa kwenye *evening reception*, ujue hujaalikwa kwenye kufunga ndoa, ni usiku tu, usiende asubuhi. Afu reception hiyohiyo ni mapokezi ya hotelini au ofisini, na pia ni hafla ya kusimama na glasi mkononi ambayo ubalozi au taasisi inaandaa, kwa hiyo soma maneno ya pembeni kabla hujaamua. *Party* nayo ni chama cha siasa, "party meeting" ni kikao cha chama na hakuna muziki pale. *Ball* kwenye mwaliko ni dansi ya kifahari, vaa nguo ya heshima.

*Reunion* ni ya watu waliowahi kuwa pamoja wakatawanyika, mfano waliosoma darasa moja au ukoo. Ukiwa unajua Kifaransa kuwa makini zaidi, kwao réunion ni kikao cha kawaida tu, na ndo maana unakuta mtu anaalika wafanyakazi wenzake anaowaona kila siku kwenye "reunion".

Msiba nao naomba uuheshimu kwa neno lake. *Funeral* ni ibada na shughuli ya mazishi, *burial* ni kuzika kwenyewe, *wake* ni kukusanyika kwa ajili ya marehemu, na sehemu nyingine ni kabla ya mazishi, nyingine baada. *Memorial service* ni ibada ya kumbukumbu, kwa kawaida mwili haupo. Usiandike *function*, yaani hafla, kwenye msiba kabisa, kwa wafiwa linasomeka baridi sana.

Kukutana kirafiki bila mambo mengi, andika *get-together*, inatosha.

Hatua ya 5: Angalia msomaji wako yuko wapi. Usiku wa bibi harusi na mashoga zake, Uingereza ni *hen party*, Marekani ni *bachelorette party*. Wa bwana harusi ni *stag party* na *bachelor party*.

Hatua ya 6: Tafuta kitenzi. Meeting ina-*hold*, sio "do". Party ina-*have* au *throw*. *Attend* haitaki "to" mbele yake, andika "attend the meeting". Ukisogeza tarehe ni *postpone*, ukifuta ni *cancel*, na mkishaanza mkakatiza ili muendelee baadaye ni *adjourn*. Kuna moja ya hatari, *table*: Mwingereza aki-table hoja anaileta ijadiliwe, Mmarekani aki-table hoja anaiweka kando. Kama kikao kina watu wa pande zote mbili usilitumie, andika *propose* au *postpone*, kulingana na unachotaka.