Kupunguza vitu nyumbani: nilianza na vile nitakavyobeba

Tarehe 27 mwezi wa tano 2021, asubuhi, ilipotangazwa kwamba mitaa 10 ya Goma, mashariki ya Kongo, ihame, Majengo yetu ikiwemo, nilipoteza karibu saa nzima nikizunguka ndani ya nyumba. Volkano ya Nyiragongo ilikuwa imelipuka siku tano kabla na ardhi ilikuwa bado inatetemeka. Watoto wamekwisha vaa viatu, wananingoja mlangoni, na mimi napekua vyeti vyao vya kuzaliwa chini ya marundo ya vikwembe (vitenge) na sufuria zilizotoboka. Tulifika mji mdogo wa Sake na masanduku mawili ya nguo, bila karatasi hata moja.

Tuliporudi ndipo nikaanza kupunguza. Naeleza nilivyofanya, kwa mtu anayeishi kama sisi: nyumba ya mbao, vyumba viwili na sebule, watu sita.

Usianze kwa kutoa kitu. Anza kwa kuchagua vile ambavyo huwezi kuviacha, uvitie ndani ya mkoba mmoja wa mgongoni. Kwangu ni kadi za uchaguzi, vyeti vya kuzaliwa, karatasi za parseli (kiwanja chetu), diploma ya mume wangu, dawa za mama mkwe, tochi, na nguo moja ya kila mtoto. Karatasi zote zikae ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Kisha vaa huo mkoba utembee. Mimi niliubeba kutoka nyumbani mpaka kwenye mzunguko wa Chukudu. Mabega yalipouma, nilirudi nikatoa albamu mbili za picha, nikabakiza picha tisa. Sasa mkoba unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Ukishamaliza hilo, roho inatulia, na vitu vingine unaviangalia bila woga.

Vya jikoni havichukui muda, ila angalia usikosee. Wengi wanashauri utoe kila kitu usichokitumia kila siku. Hapa kwetu usiguse bidoni, yaani madumu ya maji. Nina bidoni 8 za lita 20, na maji yakikosekana siku tatu hakuna hata moja inayokaa bure. Mbabula (jiko la makaa) ya pili nayo niliiacha. Nilitoa vikombe visivyo na mikono, vifuniko visivyo na sufuria, na chupa tupu nilizokuwa naweka tangu sijui lini.

Vikwembe ndivyo vilivyonichukua wiki mbili. Mimi ni fundi cherehani, najua thamani ya kitambaa, na mwanamke wa kwetu hawezi kuambiwa tu "toa". Nilitandika mkeka nikavitoa vyote: 31. Nikavipanga mafungu matatu.

Fungu la kwanza, vile ninavyovaa kweli. La pili, vile ambavyo havijashonwa. Nusu pisi nzima, yadi 6, ni akiba: mtoto akiugua inauzwa, harusi ikija inakuwa zawadi. Nilijiwekea mpaka wa nusu pisi tatu, nyingine nikaziuza, pesa ikalipa ada ya shule. Fungu la tatu ni nguo zilizonibana na zile za sare za harusi na matanga, ambazo huvai tena lakini unaona haya kuzitoa. Hizi fungua mishono, usikate kwanza. Ukikunjua kitambaa utaona kinatosha nini: gauni la mtoto, aproni, foronya. Ile ya matanga ya baba yangu nilikata kipande cha ukubwa wa leso nikakihifadhi, kilichobaki binti yangu alishonewa sketi. Anapoivaa namkumbuka baba kuliko ilipokuwa imefungiwa sandukuni.

Nguo na vyombo vya marehemu usiviamue peke yako, hata kama viko nyumbani mwako. Ita shangazi na wajomba, mkae, kila mmoja aseme. Ni heshima, na inazuia ugomvi wa miaka.

Vivyo hivyo kwa wazee mnaokaa nao. Nilipofungua kabati la sahani za wageni, mama mkwe aliniuliza, "Binti yangu, wageni watakula kwenye nini?" Alikuwa na haki. Nikamjibu, "Mama, chagua wewe zitakazobaki." Alichagua 12. Kwa shughuli kubwa, sisi wanawake wa likelemba, kikundi chetu cha kuchangiana pesa kwa zamu, tulikubaliana kuweka pamoja sufuria kubwa na viti, vikae kwa mmoja wetu, anayehitaji anachukua na kurudisha vikiwa safi. Hilo peke yake liliondoa sufuria nne sebuleni mwangu.

Kabla ya kutoa chochote nje, jua kinaenda wapi. Ardhi yetu ni jiwe la volkano, huchimbi shimo la takataka kwa jembe, na plastiki ukiichoma kwenye parseli, watoto ndio wanaovuta moshi. Mimi nilitenga kila kitu na njia yake: sufuria mbovu kwa wanaonunua vyuma chakavu, redio zilizokufa kwa fundi anayetafuta vipuri, viatu vizima kwa jirani mwenye watoto wadogo. Kisichokuwa na njia kilingoja pembeni, kikiwa kimefungwa, mpaka kipate.

Mwisho nilifika chini ya kitanda, na hapo niliweka amri: hakuna kitu kinachorudi. Kwenye nyumba ya mbao vumbi jeusi linaingia kila siku kati ya mbao, na zamani nilikuwa nasogeza maboksi saba kabla ya kufagia. Sasa ufagio unapita moja kwa moja mpaka ukutani.